Dawa ya fangasi inaposhindwa ICU, tuulize nini kwanza?

Flukonazoli, dawa ya fangasi inayotumika sana, haiui Aspergillus, ukungu unaoshambulia mapafu. Haijawahi kumuua, na kupandisha dozi kutoka miligramu 400 hadi 800 hakubadilishi kitu. Naanza na hili kwa sababu neno "usugu" linabebeshwa mizigo mingi isiyo yake. Mgonjwa wa saratani ya damu, au mwenye VVU aliyefika na kinga iliyoshuka sana, au aliyekaa wiki kadhaa kwenye prednisoloni (steroidi), yuko ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia. Picha ya kifua inazidi kuchafuka. Amepewa dawa ya fangasi siku tano, oksijeni bado inashuka, na kwenye faili panaandikwa kwamba fangasi ni sugu.

Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kufika hapo kuna maswali matatu ya kuuliza. Ni ugonjwa wa fangasi kweli? Ni fangasi yupi? Na dawa imefika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha? Usugu wenyewe ni swali la nne. Kwa sisi wa Moshi na Arusha swali hilo la nne lina uzito wa pekee, kwa sababu ya mashamba yanayotuzunguka, nami nitalirudia kwa urefu.

Swali la kwanza halihitaji maneno mengi. Candida, fangasi wa aina ya chachu, ikiota kwenye makohozi au kwenye majimaji yaliyovutwa kupitia mrija wa kupumulia, kwa kawaida inaishi tu pale. Mgonjwa aliyepewa antibiotiki kali kwa siku kadhaa ataota Candida kinywani na kwenye njia ya hewa, na nimonia ya Candida ni nadra mno. Jibu hilo la maabara peke yake si sababu ya kuanza flukonazoli. Kila dozi ya flukonazoli isiyohitajika inaua Candida albicans walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wasiosikia dawa: Candida krusei, ambaye ni sugu kwa flukonazoli tangu asili, Candida glabrata, ambaye huisikia kidogo, na Candida auris, aliyeelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 na ambaye leo husambaa wodini kupitia mikono, vitanda na vifaa. Candida akiota kwenye damu ni habari nyingine kabisa: huyo anatibiwa mara moja, bila mjadala.

Swali la pili ndilo linaloamua dawa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, na kwenye kundi la juu kabisa likaweka wanne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Kwa mapafu ya mgonjwa wa ICU mwenye kinga ndogo, anayetusumbua zaidi ni Aspergillus. Chembe zake za uzazi zina upana wa mikromita 2 hadi 3 hivi, ndogo kiasi cha kufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, na sote tunazivuta kila siku. Mwenye kinga nzima huzisafisha. Asiye na nyutrofili (seli nyeupe za damu zinazokula vijidudu) za kutosha, au ambaye seli zake za ulinzi zimelazwa na steroidi, hawezi. Virusi vikali vya njia ya hewa navyo hufungua mlango: katika utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliochapishwa 2018, asilimia 19 ya wagonjwa wa mafua ya influenza waliolazwa ICU walipata Aspergillus ya mapafu, na baadhi yao hawakuwa na tatizo lolote la kinga kabla ya hapo.

Wapo wengine wanaofanana naye kwenye picha ya kifua. Mucorales, kundi jingine la ukungu, humpata zaidi mwenye kisukari kisichodhibitiwa na aliyepewa steroidi nyingi, na ukungu hawa hawasikii vorikonazoli, dawa kuu ya Aspergillus, hata kidogo. Pneumocystis hana habari na flukonazoli wala amfoterisini, kwa sababu utando wa seli yake hauna ergosteroli, mafuta ya fangasi ambayo dawa hizo zinayatafuta. Dawa yake ni kotrimoksazoli, miligramu 15 hadi 20 za trimethoprimu kwa kila kilo kwa siku, siku 21. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni vidonge viwili vya miligramu 960 mara tatu kwa siku, na kama oksijeni kwenye damu ya ateri iko chini ya milimita 70 za zebaki, prednisoloni inaongezwa mapema: miligramu 40 mara mbili kwa siku tano, kisha 40 mara moja kwa siku tano, kisha 20 kwa siku 11. Cryptococcus naye, kaspofungini, dawa nyingine ya fangasi, haimgusi. Histoplasma naye asisahauliwe: utafiti uliochapishwa 2012 ulimkuta kwa wagonjwa wa homa waliolazwa hospitalini hapa kaskazini mwa Tanzania, na kwa picha ya kifua na kupungua uzito anaweza kudhaniwa kuwa TB.

Kwa hiyo sampuli. Bila sampuli ya mapafu tunapapasa gizani. Iliyo bora ni maji ya kuosha pafu kwa bronkoskopi (mrija wenye kamera unaoingizwa mapafuni): salaini isiyo na vijidudu mililita 100 hadi 120, kwa mafungu, kwenye sehemu ya pafu iliyoathirika, na angalau theluthi irudi. Pasipo bronkoskopi, majimaji yaliyovutwa kwa mrija wa kufyonzea ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila matokeo yake yasomwe kwa tahadhari. Sampuli ifike maabara ndani ya saa mbili. Ikishindikana iwekwe kwenye friji nyuzi 4. Maabara waizungushe kwenye sentrifuji na kupanda mashapo. Kuchovya kitanzi kimoja tu cha maji ya juu ni kuukosa ugonjwa kwa makusudi. Mashapo mengine yatazamwe kwa darubini pamoja na KOH (potasiamu haidroksidi) asilimia 10 hadi 20. Nyuzi nyembamba zenye vikuta vya kuzigawa ndani, zinazogawanyika kwa pembe ya nyuzi 45, zinaelekeza kwa Aspergillus; nyuzi pana kama utepe, karibu bila vikuta, zinazogawanyika kwa pembe mraba, ni Mucorales. Darubini hiyo ya dakika 20 inaweza kuokoa siku tatu za dawa isiyofaa.

Tahadhari moja hapa: Mucorales hupondeka kirahisi, kwa hiyo tishu isisagwe bali ikatwekatwe kwa kisu. Ikisagwa, darubini itaonyesha nyuzi na sahani haitaota kitu.

Kipimo cha galaktomanani, kipande cha ukuta wa Aspergillus, husaidia sana pale kilipo. Kwenye maji ya pafu, kiwango cha 1.0 na zaidi kina maana kubwa. Kwenye damu, mstari ni 0.5, lakini kwa mgonjwa ambaye nyutrofili zake ni za kawaida, damu inaweza kuwa safi kabisa huku pafu linaharibika, kwa hiyo damu hasi isimwondolee mtu Aspergillus. Wala tusisubiri ile duara ya kivuli hafifu kuzunguka doa kwenye sitiskani ambayo vitabu huisifia. Hiyo huonekana siku za mwanzo kwa wasio na nyutrofili; kwa aliye kwenye ventileta mara nyingi utaona mabaka tu kama ya nimonia yoyote.

Sasa swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mkoa wetu una TB, na Kibong'oto, hospitali ya TB, iko hapo Siha. Mgonjwa wa ICU aliye kwenye rifampisini si nadra. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini kiasi kwamba vorikonazoli inapungua kwenye damu kwa zaidi ya asilimia 90. Kuziweka dawa hizi mbili kwenye karatasi moja ya dawa ni sawa na kutompa mgonjwa vorikonazoli, na kuongeza dozi hakutoshi kufidia. Kusimamisha rifampisini leo hakuleti nafuu kesho pia, kwa kuwa vimeng'enya huchukua kama wiki mbili kurudi vilivyokuwa. Itrakonazoli na posakonazoli huangushwa vilevile. Fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini hufanya kazi hiyohiyo, na wagonjwa wa degedege ICU tunao. Kwa mwenye TB na Aspergillus kwa pamoja, amfoterisini B ndiyo njia iliyo wazi. Kaspofungini ikitumika, dozi ya kila siku iwe miligramu 70 badala ya 50.

Hata bila rifampisini, vorikonazoli inahitaji uangalizi. Siku ya kwanza ni miligramu 6 kwa kilo kila baada ya saa 12, mara mbili, kisha miligramu 4 kwa kilo kila baada ya saa 12. Kuiruka ile dozi kubwa ya mwanzo ni kumchelewesha mgonjwa siku kadhaa. Vidonge vikipitishwa kwenye mrija wa tumboni, uji usimame saa moja kabla na saa moja baada, maana chakula hupunguza ufyonzwaji. Pale kiwango cha dawa kinapoweza kupimwa, damu ichukuliwe kati ya siku ya pili na ya tano, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, na lengo ni kati ya miligramu 1 na 5.5 kwa lita. Chini ya 1 tiba hushindwa. Juu ya 5.5 mgonjwa huona vitu visivyokuwapo na ini huumia. Na kuna jambo manesi hulijua kabla ya madaktari: vorikonazoli huzuia ini kuondoa midazolamu na fentanili, kwa hiyo mgonjwa anayechelewa kuamka baada ya dawa za usingizi kupunguzwa huenda hana tatizo la ubongo, dawa za usingizi bado zimejaa mwilini. Kwa aliyepandikizwa figo, takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo, ishushwe hadi theluthi ya dozi siku ileile vorikonazoli inapoanza.

Amfoterisini B ina mitego yake, na mmoja unaua. Kuna ya kawaida, ya deoksikolati, na kuna iliyofungwa kwenye liposomu. Ya kawaida hutolewa miligramu 0.7 hadi 1 kwa kilo kwa siku, na isivuke 1.5 kwa hali yoyote. Ya liposomu hutolewa miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa Aspergillus, na 5 hadi 10 kwa Mucorales. Chupa zote mbili zina miligramu 50, zote zimeandikwa amfoterisini B. Akipewa mtu chupa ya kawaida kwa dozi ya liposomu, moyo unaweza kusimama. Mfamasia aandike aina kwa ukamilifu kwenye lebo ya dripu, na watu wawili waisome kwa sauti kabla haijafunguliwa. Ningependa kila ICU iziweke chupa hizo kwenye rafu mbili tofauti kabisa.

Ya kawaida huchanganywa na maji ya sindano mililita 10, kisha huingizwa kwenye dekstrosi asilimia 5 hadi kufikia miligramu 0.1 kwa mililita, yaani miligramu 50 kwenye mililita 500. Salaini kamwe: dawa huganda na kuwa chembe. Mrija nao usafishwe kwa dekstrosi kabla na baada. Ipite kwa saa nne hivi. Kabla yake mgonjwa apate salaini lita moja yenye milimoli 20 za potasiamu kwa saa mbili, isipokuwa moyo au mapafu yaliyojaa maji yanakataza, au potasiamu yake tayari iko juu. Hapa figo ndizo zinazolipa: kreatinini, potasiamu na magnesiamu zipimwe kabla ya kuanza, na kwa mgonjwa wa ICU kila siku inapowezekana. Potasiamu ikikataa kupanda ingawa unaongeza, tazama magnesiamu kwanza. Tiba nyingi za amfoterisini huishia njiani kwa sababu figo zimechoka, halafu mgonjwa anahamishiwa flukonazoli ambayo, kama ni Aspergillus, haina kazi. Huo si usugu wa fangasi.

Haya yote yakiwa sawa na mgonjwa bado anazama, ndipo tunafika shambani.

Viuakuvu vingi vinavyopuliziwa nyanya, vitunguu, ngano na maua ni vya azoli, familia ileile ya flukonazoli na vorikonazoli: tebukonazoli, difenokonazoli, propikonazoli, epoksikonazoli. Umbo lao linakaribiana sana na vorikonazoli na itrakonazoli, na vinashambulia kimeng'enya kilekile cha fangasi, kinachotengenezwa na jini la cyp51A. Aspergillus fumigatus si adui wa nyanya. Yeye huishi kwenye majani yaliyooza na marundo ya mboji, anastahimili joto la nyuzi 50 linalowashinda wengine, na dawa iliyolengwa kwa ukungu wa majani humkuta palepale kwenye mabaki. Wanaobaki hai ni wenye mabadiliko kwenye jini hilo. Mabadiliko mawili yanajulikana zaidi, TR34/L98H na TR46/Y121F/T289A. Yote mawili yalitambuliwa Uholanzi, la kwanza kwenye vimelea vya mwaka 1998 na la pili mwaka 2009. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba wameyakuta yote mawili kwenye sampuli za mazingira za Tanzania. Kwa hiyo vimelea hivi tunavyo nchini tayari.

Maana yake kitandani ni hii: mgonjwa anaweza kuwa na Aspergillus sugu ilhali hajawahi kumeza azoli hata kidonge kimoja. Alivuta usugu ukiwa umekamilika. Kumuuliza kama aliwahi kutumia dawa za fangasi hakutoshi. Aulizwe yeye au ndugu zake anaishi wapi, analima nini, kama hugeuza mboji, kupura mahindi au kukaa karibu na maghala na mashamba ya maua. Majibu hayo hayathibitishi kitu, ila yanapandisha shaka. Kuna na njia ya pili ya usugu, inayozaliwa ndani ya mtu mwenyewe: aliyepona TB akabaki na mapango kwenye pafu, Aspergillus akaweka makazi humo, akatibiwa itrakonazoli kwa miezi mingi kwa dozi isiyofika. Vidonge vya kapsuli vya itrakonazoli vinahitaji asidi ya tumbo na chakula; ukimpa pamoja na omeprazoli, inayopunguza asidi hiyo, unampa fangasi mazoezi.

Haki itendeke kwa mkulima pia. Viuakuvu kama mrututu na mankozebu si azoli na haviingii kwenye mlolongo huu. Aina bora za kahawa zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, zimepunguza haja ya kupulizia, na hilo kwangu ni kinga ya ICU ingawa hakuna aliyelipanga hivyo. Bwana shamba anayemshauri mtu abadilishe familia za dawa, asirudie azoli kila wiki, anafanya kazi ya hospitali bila kujua.

Kuupima usugu hakuhitaji mashine kubwa. Sahani yenye vishimo vinne inatosha kuchuja: kimoja kina itrakonazoli miligramu 4 kwa lita, kingine vorikonazoli miligramu 2, cha tatu posakonazoli miligramu 0.5, cha nne hakina dawa. Tengeneza mchanganyiko wa chembe za koloni kwenye maji yenye Tween (aina ya sabuni laini) kidogo, uufikishe kwenye uzito wa 0.5 McFarland, kipimo cha jinsi maji yalivyochafuka, weka mikrolita 25 kila kishimo, acha kwenye nyuzi 35 hadi 37, soma saa 24 na saa 48. Kishimo kisicho na dawa lazima kiote. Kisipoota kipimo ni batili. Kikiota kimoja chenye dawa, sampuli ipelekwe kwenye maabara ya rufaa kwa kipimo kamili. Aspergillus aliyeota vizuri kwenye vorikonazoli anatia shaka ya TR46. Kwenye itrakonazoli, TR34. Kosa la kawaida ni kuchukua koloni moja tu. Pafu moja linaweza kubeba wasikivu na sugu kwa pamoja, hivyo chukua koloni tano. Na kabla ya yote hakikisha ni fumigatus kweli: asiyeota kwenye nyuzi 50 huenda ni binamu yake, kama Aspergillus lentulus, ambaye kwa asili yake huzisikia azoli kidogo tu. Aspergillus terreus kwa upande wake hasikii amfoterisini.

Muda ndio unaouma. Kwenye utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2019, kufikia siku ya 42 walikuwa wamefariki asilimia 28 ya wenye Aspergillus msikivu kwa vorikonazoli, na asilimia 49 ya wenye sugu. Kwa mgonjwa anayezama haraka na shaka ya usugu ikiwa kubwa, mimi sioni sababu ya kusubiri saa 48 za sahani: aanze amfoterisini ya liposomu miligramu 3 kwa kilo, au vorikonazoli pamoja na kaspofungini, na jibu likija kuwa ni msikivu, arudishwe kwenye vorikonazoli peke yake. Mapendekezo ya wataalamu ya mwaka 2015 yaliweka mstari wa kuacha kuanza na vorikonazoli peke yake kwenye asilimia 10 ya usugu katika eneo. Ili mstari huo utufae, tunahitaji takwimu zetu wenyewe, na zinapatikana tu kama maabara zitaacha kutupa koloni.

Kuhifadhi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Pasipo friji ya nyuzi 70 chini ya sifuri, chembe za Aspergillus huwekwa kwenye chupa ndogo ya maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke wa otoklevu, kifuniko kikakazwa, zikakaa hai kwa miaka kwenye joto la kawaida la chumba. Kwenye lebo iandikwe tarehe, aina ya sampuli, wodi, azoli alizotumia mgonjwa, rifampisini ndiyo au hapana, na wilaya anakotoka pamoja na zao analolima. Jina lake halihitajiki.